Hamira inahimilije chumvi kali? Tutenganishe kiu na sumu

MwanaHamira (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam kwenu.

Kila ninaposoma maelezo ya namna chumvi inavyozuia vijidudu, jibu ni lilelile: chumvi inavuta maji, kijidudu kinakauka, kinakufa. Ni kweli, ila ni nusu ya habari. Ukiishia hapo huwezi kueleza kwa nini hamira ya mikate inahemea kwenye chumvi ambayo haifiki hata theluthi ya ile ambayo hamira nyingine inazaliana humo. Zote zinapoteza maji, na zote zinatengeneza kitu kilekile cha kuyarudisha. Nimefanya kazi na hamira maabara, na jambo hili naona linastahili uzi wake.

Chumvi inaishambulia seli kwa njia mbili zisizofanana. Ya kwanza ni kiu: maji yanatoka ndani kwenda nje na seli inasinyaa. Ya pili ni sumu: ayoni (chembe zenye chaji) za sodiamu zinapenya ndani na kukaba baadhi ya vimeng'enya. Hamira ina kinga tofauti kwa kila moja.

Kuzitenganisha si kazi ngumu. Andaa sahani mbili za agari (jeli ya kuoteshea vijidudu). Ya kwanza itie chumvi ya kawaida moli 0.8 kwa lita, yaani gramu 47 hivi. Ya pili itie sorbitoli kama moli 1.5. Sorbitoli inavuta maji lakini haina ayoni, na inahitajika karibu maradufu kwa sababu chumvi ikiyeyuka inagawanyika kuwa sodiamu na kloraidi. Halafu chukua hamira za aina tatu: ya kawaida, iliyoondolewa jeni ya HOG1 (ya kinga ya kiu), na iliyoondolewa kundi la jeni za ENA (za pampu inayotupa sodiamu nje). Zidondoshe kwa mstari, kila tone likiwa limezimuliwa mara kumi kuliko lililotangulia, kisha ziache siku mbili tatu kwenye joto la nyuzi 30.

Ya kawaida utaikuta imeota kwenye sahani zote, vidoa vyake vidogo kidogo, lakini vipo. Isiyo na HOG1 imeshindwa kwenye zote mbili. Isiyo na ENA ndiyo inayofundisha zaidi: kwenye sorbitoli imeota sawasawa na ya kawaida, kwenye chumvi tone la kwanza tu lina utando hafifu na mengine yote ni peupe. Kiu inaiweza, sodiamu haiiwezi.

Tuanze na kiu. Chumvi ikimwagwa, ndani ya sekunde chache seli imeshapungua ujazo. Kwenye utando wake kuna protini iitwayo Sln1. Hii inafanya kazi kama mlinzi wa usiku anayegonga kengele muda wote kuna amani. Kengele ikinyamaza, ndipo watu wanaamka. Seli ikiwa imejaa maji, Sln1 inabandika fosfeti mfululizo, fosfeti inapita kwa Ypd1 hadi kwa Ssk1, na Ssk1 yenye fosfeti haina kazi. Seli ikisinyaa, Sln1 inaacha. Ssk1 inabaki bila fosfeti, inaamsha Ssk2 na Ssk22, hizo zinaamsha Pbs2, na Pbs2 inaamsha Hog1. Ipo njia ya pili inayoanzia kwa Sho1, nayo inaishia kwa Pbs2 hiyohiyo.

Hog1 ndiyo kiungo cha yote haya. Ilielezwa mwaka 1993 na kundi la Michael Gustin wa Rice University, Houston, na ndugu yake ndani ya miili yetu anaitwa p38. Ndani ya dakika chache Hog1 inaingia kwenye kiini cha seli na kubadilisha usomaji wa mamia ya jeni. Muhimu kuliko zote ni GPD1. Kimeng'enya cha Gpd1 kinachepusha sehemu ya sukari iliyokuwa inavunjwavunjwa na kuigeuza gliseroli-3-fosfeti, kisha Gpp1 na Gpp2 zinaondoa fosfeti. Kinachobaki ni gliseroli. Inarundikana ndani, maji yanaifuata, seli inajaa tena. Kwenye chumvi ya moli 0.4 hivi, Hog1 inarudi nje ya kiini ndani ya nusu saa, ujazo wa seli ukiwa umesharudi.

Sumu nitaifikia. Kama kuna swali hadi hapa, karibuni.

Pakacha

Mkuu, shukrani. Swali langu: kwa nini ijisumbue kutengeneza gliseroli kwa sukari yake yenyewe wakati chumvi tele iko hapo nje na bure? Si ingeiruhusu iingie, pande zote zilingane, kazi iishe?

MwanaHamira

Pakacha, swali zuri sana, na wapo viumbe wanaofanya hivyohivyo. Arkea (vijidudu vya seli moja vinavyofanana na bakteria) wa maji ya chumvi kali, kwa mfano Halobacterium, wanajaza potasiamu na kloraidi ndani hadi kukaribiana na nje. Ila gharama yake ni kubwa: karibu protini zote za kiumbe huyo zimebadilika, uso wake umejaa asidi za amino zenye chaji hasi, kiasi kwamba ukimweka kwenye maji yasiyo na chumvi protini zenyewe zinafumuka. Amefungwa kwenye chumvi maisha yake yote.

Hamira haijaandika upya protini zake. Inachohitaji ni kitu kinachovuta maji bila kugusa vimeng'enya, na gliseroli inafaa kwa sababu ni molekuli ndogo, haina chaji, inayeyuka kwa kiasi chochote, na vimeng'enya vinaendelea na kazi hata ikiwa nyingi. A. D. Brown na J. R. Simpson walilionyesha hili mwaka 1972 walipolinganisha hamira zinazohimili sukari nyingi na zisizohimili. Faida yake ni uhuru: leo kwenye chumvi, kesho kwenye maji matamu, na protini ni zilezile.

Mwokaji

Mimi naoka tu, maabara siijui. Kwa hiyo unga uliozidi chumvi kuchelewa kuumuka ni hiyo kiu au ni sumu?

MwanaHamira

Ni vyote, ila kiu ndiyo inayotangulia. Hebu tupige hesabu. Chumvi ya mkate kwa kawaida ni asilimia 2 ya uzito wa unga. Kilo moja ya unga ina gramu 20 za chumvi, na tuseme maji ni gramu 600. Chumvi haiyeyuki kwenye unga, inayeyuka kwenye maji. Kwa hiyo hamira inakutana na gramu 33 za chumvi kwa kila kilo ya maji. Maji ya bahari yana gramu 35. Kila donge la kawaida, kwa hamira, ni bahari, na hayo ni makadirio ya chini, maana sehemu ya maji imeshikwa na wanga na gluteni.

Hapo hamira ya mikate, Saccharomyces cerevisiae, bado inajimudu. Ukiongeza chumvi hadi asilimia 4 ya unga umeshavuka moli moja, na ukikaribia moli moja na nusu inakaribia kusimama kabisa. Tena sukari inayochepushwa kuwa gliseroli haitoi gesi, kwa hiyo hata seli iliyo hai na yenye afya inaumua kidogo.

Donge lenye sukari nyingi ni kiu bila sodiamu ya ziada. Ndiyo maana zipo hamira zinazouzwa mahususi kwa madonge matamu, na hamira hizo si lazima ziwe mashujaa wa chumvi.

Jicho Kali

Kuna kitu hakinikai. Umesema Hog1 inaingia kwenye kiini, jeni zinasomwa, RNA inatoka, protini inatengenezwa, kisha protini inatengeneza gliseroli. Hiyo ni kazi ya dakika nyingi. Seli imesinyaa ndani ya sekunde. Inaishije katikati?

MwanaHamira

Jicho Kali, umegusa penyewe. Kusoma jeni si hatua ya kwanza, na ushahidi ni mzuri mno.

Mwaka 2004 Markus Proft na Kevin Struhl walionyesha kwamba chumvi ikipanda ghafla, protini nyingi zinazokaa kwenye DNA zinabanduka. Ayoni zikizidi ndani, mshikamano wa protini na DNA unalegea. Maana yake ni kwamba katika dakika za mwanzo hata ukitaka kusoma jeni huwezi. Hog1, ikiwa bado nje ya kiini, inabandika fosfeti kwenye Nha1, protini ya utando inayotoa sodiamu na kuingiza protoni, na pia kwenye mlango wa potasiamu uitwao Tok1. Ayoni zikishapungua ndipo protini zinarudi kwenye DNA na usomaji unaanza.

Jambo la pili ni Fps1, tundu la kwenye utando ambalo gliseroli hupitia. Wakati wa amani liko wazi, na gliseroli kidogo inayotengenezwa inavuja. Chumvi ikija, tundu linafungwa mara moja, bila kusubiri jeni yoyote. Gliseroli iliyokuwa inapotea inabaki ndani.

Na kuna jaribio la mwaka 2008 kutoka kundi la Jeremy Thorner, Berkeley, ambalo mimi nalipenda kupita yote ya eneo hili. Waliifunga Hog1 kwenye utando wa seli isiweze kuingia kwenye kiini. Mabadiliko ya jeni yaliyozoeleka hayakutokea, lakini seli zilihimili. Vimeng'enya vilivyokuwepo tayari vilitosha kuongeza gliseroli. Kwa hiyo usomaji wa jeni ni wa kukaa kwenye chumvi kwa muda mrefu. Kunusurika saa ya kwanza kunafanyika nje ya kiini.

Pakacha

Duh. Miaka yote nafundishwa "seli inawasha jeni" kana kwamba ndio mwanzo na mwisho. Endelea na sumu mkuu.

MwanaHamira

Haya, sodiamu.

Seli inataka potasiamu ndani, si sodiamu. Ayoni hizi mbili zinafanana kwa chaji, na sodiamu ikiwa nyingi nje inapenya kupitia njia za potasiamu. Ikifika ndani inakaba vimeng'enya fulani, na kinachojulikana zaidi ni Hal2. Kazi ya Hal2 ni kuvunja taka inayobaki pale hamira inapogeuza salfeti ili itengeneze methionini. Taka hiyo inaitwa PAP. Hal2 inahitaji magnesiamu ili ifanye kazi, na sodiamu au lithiamu zikizidi inasimama. PAP inarundikana, nayo inazuia Xrn1 na wenzake, vimeng'enya vya kuchakata na kuvunja RNA. Kundi la Ramón Serrano huko Valencia lilikibaini kimeng'enya hiki na udhaifu wake mbele ya sodiamu mwaka 1995, na mwaka 1997 kundi la David Tollervey likaonyesha kwamba kukwama huko kwa RNA ndiko kunakoieleza sumu ya lithiamu.

Tazameni mnyororo huo: chumvi ya nje inaishia kuvuruga RNA kwa kupitia salfa! Na unaweza kuujaribu kwa urahisi. Wape hamira methionini ya tayari. Njia ya salfeti inapunguzwa, PAP inapungua, na hamira inahimili chumvi zaidi ingawa hakuna kilichobadilika kwenye kuvuta maji.

Kinga ya sumu ina sehemu kadhaa. Pampu ya Ena1 inatumia ATP (nishati ya seli) kuitupa sodiamu nje. Ilitambuliwa mwaka 1991 na kundi la Alonso Rodríguez-Navarro, Madrid, na jeni zake zimepangana mfululizo kwenye kromosomu. Nha1 nayo inatupa sodiamu kwa kubadilishana na protoni, kwa hiyo inafaa pale nje palipo na asidi. Maji yakiwa na alkali Nha1 haina msaada mkubwa, mzigo wote unabaki kwa Ena1. Nhx1 inaificha sodiamu kwenye vifuko vya ndani. Trk1 inavuta potasiamu na kuichagua mbele ya sodiamu. Na nyuma ya zote yupo Pma1, anayetoa protoni nje kwa ATP, maana bila yeye Nha1 na Trk1 hazina nguvu ya kuziendesha.

Jeni ya ENA1 inawashwa na Hog1 na pia na kalsinurini. Sodiamu inapanda, kalsiamu ndani ya seli inapanda, kimeng'enya hiki cha kalsinurini kinaondoa fosfeti kwenye Crz1, protini ya kuwasha jeni, na Crz1 inaingia kwenye kiini. Kalsinurini hii ndiyo inayozuiwa na dawa ya siklosporini wanayopewa watu waliopandikizwa figo. Ipe hamira dawa hiyo, uiweke kwenye chumvi, utaiona inavyodhoofika.

Dada wa Maabara

Mwanzisha uzi, uzi wako mzuri lakini umeegemea hamira moja tu, tena ile dhaifu. S. cerevisiae ni rahisi kuchezea jeni zake, ndiyo maana tunaijua. Haituambii mabingwa wanafanyaje. Mimi nimefanya kazi na Debaryomyces hansenii, hamira ya maji ya bahari na jibini, inayoota hadi chumvi ya moli 4 hivi. Yenyewe inaacha sodiamu nyingi ikusanyike ndani na haisumbuki. Katika baadhi ya hali, kama joto kali kwake au alkali, ikiwa na sodiamu inaota vizuri kuliko isipokuwa nayo. Sasa hiyo "sumu" yako iko wapi?

MwanaHamira

Dada, nakubaliana nawe na nafurahi umeileta. Debaryomyces inaonyesha kwamba sumu ya sodiamu si sheria ya kemia kwa kila seli. Inategemea vimeng'enya vya kiumbe husika vinaichukuliaje, na inategemea potasiamu iliyopo pia. Lakini kiu haikuikwepa: nayo inarundika gliseroli, nayo ina Hog1 yake. Mgawanyo wa kiu na sumu bado unasimama. Kilichobadilika ni kwamba kwa upande wa pili imechagua kuvumilia badala ya kufukuza.

Hebu tuongezee jinsi Zygosaccharomyces rouxii inavyofanya. Hii ndiyo hamira ya sosi ya soya, inafanya kazi kwenye uji wa soya na ngano wenye chumvi ya asilimia 16 hadi 18. Tofauti yake na hamira ya mikate haiko kwenye kutengeneza gliseroli nyingi zaidi. Iko kwenye kuishika. S. cerevisiae ikibanwa inatengeneza gliseroli nyingi na sehemu kubwa inavuja, inatengeneza nyingine, inavuja tena. Z. rouxii inairudisha ndani kwa nguvu kupitia utando, ikitumia ayoni kuivuta. S. cerevisiae inayo protini ya kazi hiyo, Stl1, ila haiitegemei kwa kiwango hicho.

Dada wa Maabara

Hapo sawa kabisa. Na usimsahau Hortaea werneckii, hamira nyeusi. Mwaka 2000 kundi la Nina Gunde-Cimerman wa Slovenia lilionyesha kwamba makao yake ya asili ni mashamba ya chumvi, wakichukua sampuli Sečovlje, kwenye pwani ya Adriatiki. Inaota kwenye maji yasiyo na chumvi kabisa, na inaota karibu na kiwango ambacho chumvi inakataa kuyeyuka, moli 5 hivi. Yenyewe, kinyume na Debaryomyces, inaizuia sodiamu ibaki kidogo ndani. Jenomu yake iliposomwa mwaka 2013 karibu kila jeni ilikutwa mara mbili, na protini za kusafirisha ayoni za metali zimeongezeka sana. Rangi yake nyeusi ni melanini ya ukuta wa seli, nayo inasaidia gliseroli isivuje.

Watu wengine wanaifahamu bila kujua: ndiyo inayosababisha madoa meusi yasiyouma kwenye viganja.

Jicho Kali

Yaani bingwa mmoja anaikaribisha sodiamu, mwingine anaifungia nje, na wote wanafika moli 4 na 5. Nilidhani kungekuwa na njia moja bora.

Swali la mwisho. Mvua ikinyesha kwenye hayo mashamba ya chumvi? Seli imejaa gliseroli tele, ghafla nje kunakuwa maji matupu.

MwanaHamira

Hapo hatari inageuka: maji yanaingia kwa kasi na seli inaweza kupasuka. Fps1 lile tundu lililofungwa linafunguka, gliseroli inamwagika nje ndani ya dakika chache, shinikizo linashuka. Hamira iliyoondolewa Fps1 inaweza kukaa kwenye chumvi, lakini ukiihamishia ghafla kwenye maji, nyingi zinakufa. Papo hapo njia nyingine ya ishara, yenye Slt2, inawashwa ili kuimarisha ukuta wa seli.

Sln1 nayo inarudi kubandika fosfeti, na ni lazima irudi. Hamira iliyoondolewa jeni ya SLN1 inakufa hata bila chumvi yoyote, kwa sababu Hog1 inabaki imewaka muda wote. Ukiondoa na HOG1 pia, inaishi.

Kwa wanaofanya kazi hii kwa mikono, hilo lina maana kwenye kuhesabu. Sampuli ikitoka kwenye chumvi au sukari kali, usiizimue kwa maji matupu. Tumia kimiminika chenye mvuto wa maji unaokaribiana na pale ilipotoka, kisha shusha taratibu. Vinginevyo utaandika "zilizokufa kwa chumvi" kumbe zimekufa kwenye neli yako.

Dada wa Maabara

Na sahani za agari vilevile. Hamira ya kwenye chumvi ya moli 3 ukiipanda moja kwa moja kwenye agari ya kawaida utapata vidoa vichache kuliko zilizo hai. Sisi tunaandaa sahani yenye chumvi na isiyo na chumvi, tunapanda sampuli moja kwenye zote, na tofauti ya hesabu tunaiandika pia.